Stika Inayokaa: Ushauri kwa Anayeanza Kazi ya Vinili na Mabango

Mtu anayetaka kuanza kazi ya stika na mabango huuliza kwanza bei ya mashine. Ni swali la haki, maana mashine ndiyo inayomeza akiba. Lakini kaa na waliowahi kufungua ofisi ya namna hiyo wakaifunga, uwasikilize. Wengi hawatailalamikia mashine. Watakuambia stika zilinyanyuka pembeni kabla ya mwezi kwisha, namba ya simu ilikosewa kwenye magari yote ya mteja, au walikesha wakikata herufi kwa bei isiyotosha hata pango. Mashine ilikuwa nzima muda wote huo.

Kwa hiyo nianze na jambo ambalo mengine yote hapa yanalitegemea. Mteja anayekuja kwako hanunui vinili. Ananunua jina lake lisomeke barabarani, juani na mvuani, kwa miaka. Bajaji ikipita Mbagala huku herufi zake zimejikunja, anayeaibika ni mwenye bajaji, na anayekosa kazi inayofuata ni wewe. Kila uamuzi utakaofanya, wa malighafi, wa bei, hata wa kukataa kazi, upime kwa swali hili: kitu hiki kitakuwaje baada ya miaka miwili?

Tuimalize mashine haraka. Plota ya kukata yenye upana wa sentimita 60 hadi 72 inatosha kabisa kuanzia. Milango ya magari, vioo vya maduka, vibao vya ofisi, bajaji na pikipiki, vyote vinapita humo; kazi kubwa zaidi utaikata vipande na kuiunganisha ukutani. Vile vimashine vya mezani vya sentimita 30, kama Cricut na Silhouette, vilitengenezwa kwa kazi za mikono za nyumbani. Vinafaa kwa stika za chupa na madaftari, lakini vitakuchelewesha siku utakapoletewa gari. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chukua plota yenye mota ya servo badala ya stepa, kwa kuwa haina kelele na haipotezi njia kwenye kazi ndefu. Angalia pia kama ina jicho la kusoma alama, maana utalihitaji siku utakapoanza kukata stika zilizochapwa rangi. Na usiiwashe bila UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi, plota husahau ilipoanzia, na kipande chote hicho cha vinili kimekwenda.

Printa kubwa ya rangi iache kwanza, hata kama jirani yako anayo. Printa za eko-solventi zinataka kazi kila siku. Zikikaa kimya wiki nzima, wino hukauka kwenye kichwa cha kuchapia, na bei ya kichwa kipya inaweza kumfilisi anayeanza. Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi au Kampala hakukosekani mwenye printa anayetafuta kazi za kuijaza. Mpelekee faili, mlipe kwa mita, kisha urudi ukate na kubandika mwenyewe. Ila simamia jambo moja: kazi iliyochapwa kwa wino huo isiwekwe lamineti, ile plastiki ya kuikinga kwa juu, siku hiyohiyo. Iachwe wazi walau saa 24 ili viyeyusho vilivyomo kwenye wino vitoke. Vikifungiwa chini ya lamineti hulainisha gundi na plastiki, na pembe huanza kujikunja hata kama umebandika kwa ustadi wote.

Kisu cha plota kinahitaji maneno machache. Kwa vinili ya kawaida tumia cha nyuzi 45. Cha nyuzi 60 kiweke kwa malighafi nene kama reflekta. Ncha yake itokeze kidogo sana, kadiri ya nusu ya unene wa kadi ya benki, na kila unapobadilisha roli ukate kwanza mraba mdogo wa majaribio. Bandua mraba huo uangalie karatasi ya nyuma. Ukiona mkwaruzo hafifu, umepatia. Ukiona kisu kimepenya, punguza, kwa sababu karatasi iliyokatika itachanika mikononi wakati wa kuchambua, yaani kubandua vinili isiyotakiwa kuzunguka herufi, na kisu kitakuwa butu kabla ya wakati wake.

Malighafi ndiyo sura inayotaka utulie. Vinili zote dukani Kariakoo zinafanana machoni: zinang'aa, zina rangi nzuri, zina karatasi nyuma. Tofauti iko kwenye namna zilivyotengenezwa. Katika aina ya kwanza, plastiki ya PVC hupitishwa ikiwa moto katikati ya roli nzito na kuvutwa mpaka iwe nyembamba. Kwa kuwa imevutwa, hubaki na hamu ya kurudi ilivyokuwa, na jua likiipiga husinyaa. Ule mstari mwembamba mweusi unaouona kuzunguka herufi za zamani kwenye magari ni gundi iliyoshika vumbi: vinili imerudi ndani, gundi imebaki ilipokuwa. Katika aina ya pili, plastiki humiminwa ikiwa majimaji na kukaushwa bila kuvutwa na mtu. Unene wake ni kama mikroni 50, wakati ya kwanza huwa kati ya 70 na 100. Haisinyai ovyo, na hukubali kulala kwenye mabonde ya bodi na juu ya ribiti. Bei yake, bila shaka, iko juu sana.

Aina ya kwanza nayo ina madaraja. Iliyo rahisi kabisa, wanayoiita monomeriki, ina vilainishi ambavyo hutoroka upesi kwenye joto, ikabaki kavu na kupasuka. Iliyo bora zaidi, polimeriki, hushika vilainishi vyake kwa muda mrefu. Mafundi waliozoea Oracal ya kampuni ya ORAFOL ya Ujerumani huzitambua kwa namba: 641 na 651 ni za aina ya kwanza, 751 ni ya kumiminwa. Huna haja ya kununua ya kampuni hiyo, lakini una haja ya kujua roli uliyoshika mkononi iko upande gani.

Kisha kuna ile miaka iliyoandikwa kwenye vipeperushi vya watengenezaji. Hapa wengi hujifunga wenyewe. Miaka hiyo kwa kawaida hupimwa kwa stika iliyosimama wima, katika hali ya hewa ya Ulaya ya kati, na kampuni zenyewe hueleza kwamba kwenye nchi zenye jua kali na kwenye sehemu zilizolala muda hupungua sana. Dar es Salaam iko kiasi cha nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Boneti na paa la gari hupigwa na jua la utosi mchana kutwa. Ushauri wangu ni umwahidi mteja nusu ya miaka iliyoandikwa kwa herufi za mlangoni, na kwa boneti usiahidi miaka kabisa. Mwambie wazi kwamba hapo patachakaa kwanza. Anayeambiwa ukweli mapema hukuheshimu hata siku anaporudi kubadilisha.

Kwa hiyo, kibao bapa, kioo cha duka na mlango ulionyooka vipe polimeriki. Gari lenye mikunjo mingi lipe ya kumiminwa, na kama mteja hawezi bei hiyo, mshawishi apunguze ukubwa wa kazi ili herufi zikae sehemu bapa tu. Stika za harusi, kampeni au maonyesho ya wiki mbili, tumia ya bei rahisi bila hofu. Na roli lisilo na jina wala namba, ambalo muuzaji anakuapia kuwa ni sawa na lile la Ulaya? Nunua mita moja. Kata vipande, vibandike kwenye bati, andika jina la duka na tarehe kwa kalamu isiyofutika, kisha weka bati hilo juu ya paa lako. Fanya hivyo kwa kila aina mpya na kwa kila rangi. Baada ya miezi mitatu bati litakuambia mambo ambayo hakuna muuzaji atakayekuambia, na baada ya mwaka utakuwa na kitu cha kumwonyesha mteja anayeuliza kwa nini bei zako mbili zimetofautiana.

Wa pwani wana shida ya ziada: unyevu. Karatasi ya nyuma hunywa unyevu wa hewa, ikavimba na kuinuka mawimbi, na plota hukata kwa kurukaruka. Roli lililofunguliwa lirudishe kwenye mfuko wake wa plastiki, lisimamishe wima au litundike kwenye bomba, mbali na dirisha na ukuta unaotoa maji. Usililaze sakafuni chini ya maroli mengine.

Sasa kubandika. Stika nyingi zinazonyanyuka hazikuharibiwa na jua. Ziliharibiwa katika zile dakika tano ambazo fundi aliona hazina haja, dakika za kusafisha. Gari lililotoka kuoshwa bado si safi kwa kazi yako. Lina nta, lina polishi yenye silikoni, lina mafuta ya mikono. Lioshe kwa maji na sabuni, likauke, halafu futa sehemu ya kazi kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, na ufute kwa kitambaa kingine kikavu kabla spiriti haijakauka yenyewe. Petroli na dizeli havifai, kwa sababu huacha utando wa mafuta ambao gundi haiushiki. Tina nayo ikae mbali na plastiki na rangi ya kupulizia, isije ikaila.

Uliza pia umri wa rangi. Gari lililotoka gereji jana likiwa jekundu linalong'aa linatamanisha, lakini rangi iliyokaushwa kwa hewa huendelea kutoa mvuke kwa siku nyingi, na mvuke huo ukikosa pa kutokea hutengeneza mapovu chini ya vinili. Mwambie mteja arudi baada ya wiki moja au zaidi. Akikazania leo, mwandikie kwenye risiti kwamba ameambiwa.

Bandika asubuhi au jioni, kivulini. Bati lililokaa juani saa saba mchana huifanya gundi ishike papo hapo, kwa hiyo ukikosea hakuna kurudi nyuma. Na vinili yenyewe hulainika ikavutika, kisha usiku husinyaa. Kama lazima ufanye mchana, tafuta mti au turubai, umwagie bodi maji ipoe, ikauke, ndipo uanze. Tumia tepu ya kuhamishia, shikilia kazi katikati kwa tepu ya karatasi kama bawaba, ondoa karatasi ya nyuma upande mmoja, halafu sukuma kwa kibao cha plastiki kuanzia katikati kwenda nje, kila mpigo ukipanda nusu ya uliotangulia. Kwenye kioo unaweza kupuliza maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo ili kazi iteleze upate kuiweka sawa, lakini uyakamue yote yatoke na usiondoe tepu upesi. Povu dogo likibaki, litoboe kwa sindano na ulisukume. Usilichane kwa kisu. Juu ya ribiti na kwenye mifereji ya bodi, pasha vinili ya kumiminwa kwa mashine ya hewa ya moto mara ya mwisho baada ya kuibandika. Joto hilo ndilo linaloifanya isahau umbo lake la zamani na kukubali jipya.

Jambo la mwisho la kubandika ni dogo, lakini linaokoa kazi nyingi: kata pembe za stika ziwe mviringo. Kona kali ndiyo inayokamatwa kwanza na kitambaa cha muosha gari. Na kioo cha duka, kama kinaruhusu, kibandikie kwa ndani herufi zilizogeuzwa. Zitasomeka kwa nje, na hakuna mvua wala kucha ya mtoto itakayozifikia.

Kuondoa stika za zamani ni kazi inayojitegemea, itoze bei yake. Ipashe joto, kisha vuta taratibu ukiilaza stika karibu na bodi, si kuivuta wima. Kagua kwanza kama gari limewahi kupakwa rangi upya, kwa kuwa rangi ya gereji inaweza kutoka pamoja na gundi, na mteja aelezwe hivyo kabla hujagusa kitu.

Nije kwenye kusomeka. Hapa tunawaangusha wateja wetu kuliko mahali pengine popote, na inaniuma kuona bango zuri la gharama ambalo hakuna anayelisoma. Kanuni ya zamani ya waandika mabango ni kwamba herufi ya sentimita 2.5 husomeka vizuri kutoka mita 3. Herufi ya kusomwa kutoka mita 30 iwe basi na kimo cha sentimita 25. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata kama mita 14 kila sekunde. Ukiweka pamoja hesabu hizo mbili utaona kwamba dereva aliye mita 30 kutoka kwenye bango lako ana sekunde mbili tu. Ndani ya sekunde mbili mtu husoma jina, huduma na labda namba. Hasomi orodha ya huduma kumi na mbili, barua pepe, sanduku la posta, na maneno ya kumsifu mwenye duka.

Mteja atataka kuweka vyote. Usimbishie kwa maneno. Chora mbili, moja ya kwake na moja ya kwako, zichape kwenye karatasi ya kawaida, zibandike ukutani upande wa pili wa barabara, mwite asimame nawe. Atachagua mwenyewe. Rangi nazo uzijaribu hivyohivyo: nyeusi juu ya njano, nyeusi juu ya nyeupe, nyeupe juu ya bluu iliyokolea huonekana kwa mbali. Nyekundu juu ya bluu au juu ya nyeusi humezwa, hata kama kwenye skrini ya simu ilipendeza. Jina refu liandike kwa herufi kubwa ya kwanza na ndogo zinazofuata, kwa maana maneno yaliyojaa herufi kubwa tupu hugeuka ukuta. Namba ya simu igawe kwa mafungu ili jicho liishike.

Kabla ya kukata, piga ile namba. Ndiyo, piga simu, kwa kuitazama kwenye mchoro wako na si kwenye ujumbe wa mteja. Ikilia mfukoni mwake, sawa. Ni dakika moja inayozuia hasara ya siku nzima. Kisha mtumie mteja picha ya mchoro kwa WhatsApp na umwombe aandike kwa mkono wake kwamba amesoma kila neno na amekubali. Usiridhike na kidole gumba. Soma jina herufi moja moja kutoka mwisho kwenda mwanzo, kwa sababu ukisoma kawaida akili hujaza pengo. Angalia zaidi maneno ya Kiingereza, ambayo wengi wetu huyaandika kwa kusikia. Mitaa imejaa maduka ya vifaa vya shule yaliyoandikwa "stationary", neno lenye maana ya kitu kisichotembea. Aliyelipia kosa hilo ni mteja, lakini aliyelikata ni fundi.

Wateja wengi watakuletea nembo yao kama picha ya WhatsApp iliyopita mikono kumi, yenye ukungu. Plota haikati ukungu, inafuata mistari. Utalazimika kuichora upya kwenye CorelDRAW, au Inkscape ambayo ni ya bure, na kazi hiyo ina bei yake. Mwombe kwanza faili halisi kutoka kwa aliyemchorea, akutumie kama hati na si kama picha, ili WhatsApp isiifinye.

Na bei? Watu huuliza jirani anatoza kiasi gani, wakapunguza elfu mbili. Hiyo ndiyo njia fupi ya kufunga ofisi. Nasser Road ya Kampala, mtaa unaojulikana kwa uchapaji, na vichochoro vya Kariakoo vina watu wenye mashine zilezile mlango kwa mlango, na wanaoshindana kwa bei tu huteremshana mpaka chini. Fanya hesabu yako mwenyewe. Nitatumia tarakimu za mfano. Wewe weka zako.

Tuseme roli la upana wa sentimita 61 na urefu wa mita 50 ni shilingi 150,000. Hiyo ni mita za mraba 30.5, yaani kama 4,900 kwa kila moja. Kazi ya bajaji, pande mbili na nyuma, ikila mita ya mraba moja na nusu pamoja na mabaki, ni kama 7,400. Ongeza tepu ya kuhamishia 2,600. Malighafi ni 10,000. Wengi huishia hapo, wakaona kwamba wakitoza 15,000 wamepata faida.

Sasa hesabu ofisi. Pango 150,000 kwa mwezi, umeme na bando 50,000, kodi na leseni ukizigawa kwa miezi ni 33,000, akiba ya kununua mashine nyingine baada ya miaka 3, kama hii iligharimu 2,400,000, ni 67,000. Na wewe unakula, jilipe 500,000. Jumla 800,000. Mwezi una siku 26 za kazi, lakini usijidanganye kwamba unauza saa zote. Nusu ya muda unaenda kununua malighafi, kubishana bei, kusubiri gari. Tuseme unauza saa 100. Kila saa inatakiwa irudishe 8,000. Ile bajaji ilikuchukua dakika 40 kuchora, 30 kukata na kuchambua, 50 kusafisha na kubandika: saa mbili kamili, 16,000. Gharama yako halisi ni 26,000 kabla ya senti moja ya faida. Anayetoza 15,000 amebakiwa na 5,000 kwa saa mbili, na pango linamsubiri.

Usipandishe bei tu, punguza saa. Bajaji nyingi mitaani ni za aina chache, hasa Bajaj RE na TVS King. Pima kila sehemu mara moja, hifadhi vipimo kwenye kompyuta, na mchoro wa dakika 40 utakuwa wa dakika 10. Tayari umeokoa 4,000 bila kumgusa mteja. Panga kazi za wateja watatu wenye rangi moja kwenye kipande kimoja cha vinili. Weka kiwango cha chini ambacho hukishuki hata mteja akitaka herufi tatu, kwa sababu kuwasha mashine, kuweka roli na kujaribu kisu hugharimu muda uleule. Chukua advansi isiyopungua nusu kabla ya kukata, kutoka kwa kila mtu, akiwemo shemeji. Herufi za jina la mtu haziuziki kwa mwingine.

Anayekuja kukuambia kwa jirani ni rahisi, mwonyeshe lile bati la paani.

Uchague pia ni nani hasa unataka akujue. Magari ya shule, saluni, maduka ya dawa, mafundi wa friji, kampuni ndogo za usafi: hawa hurudi, na kila wanapoongeza gari au tawi wanataka lifanane na la kwanza. Mteja mmoja wa shule ni bora kuliko pikipiki thelathini za kupita njia. Wa shule waendee Novemba na Desemba, kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Wasiwe maadui zako wachora mabango wa brashi. Ukuta wa plasta yenye chembechembe, au uliopakwa chokaa inayotoka mkononi, haushiki vinili hata ukiuombea dua. Hapo rangi ndiyo jibu. Nimewapenda siku zote mafundi wale, na ujuzi wao wa kupanga herufi kwa jicho ni shule kwetu tuliozoea kompyuta. Kata kiolezo chenye matundu ya herufi, mpe mchoraji apake rangi ndani yake, mgawane malipo. Mteja anapata mistari safi na kazi itakayomaliza miaka, nawe hujamdanganya.

Sheria si nyingi, lakini usizichezee. Tanzania Bara, jina la biashara husajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi hutoka TRA, leseni halmashauri. Zanzibar usajili uko BPRA. Mabango ya matangazo yana ada zake za serikali za mitaa, na Kenya kaunti hutoza hata matangazo yaliyobandikwa kwenye magari, kwa hiyo mteja ajue kabla hajalipia kazi. Bango la nguzo lisisimikwe bila kuuliza: hifadhi ya barabara kuu Tanzania ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na kilichosimama humo bila kibali kinaweza kung'olewa wakati wowote. Nembo za klabu za Simba na Yanga au za kampuni za vinywaji ni mali ya wenyewe. Kuzikata na kuziuza kama bidhaa yako ni kuuza kisicho chako. Na usikate kamwe stika inayofanana na ya serikali, ya bima au ya ukaguzi, wala namba za magari, kwa mtu yeyote na kwa bei yoyote. Stika ya kuziba macho ya dereva kwenye kioo cha mbele pia ikatae. Kuna mtoto atakayevuka mbele ya gari hilo.

Mabaki ya vinili usiyachome. PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayokereketa mapafu, na moshi wake una sumu nyingine mbaya zaidi. Yakusanye kwenye gunia yaende na taka, na vipande vikubwa uviweke kwa ukubwa na rangi kwenye sanduku. Vitatoa stika ndogo za namba za milango na vyumba vya wageni, kazi zisizokula roli jipya.

Weka daftari au faili la kila kazi: mchoro, vipimo, aina na rangi ya vinili, tarehe, mahali ilipobandikwa. Gari likigongwa mlango wa kushoto, utakata herufi zilezile kwa kimo kilekile bila kuliona. Baada ya wiki mbili mpitie mteja au umwombe picha ya pembe, si ya gari zima. Pembe iliyonyanyuka ndani ya miezi miwili irudishie bure bila mjadala. Iliyonyanyuliwa na pampu ya kuoshea magari, mtoze, lakini umweleze muoshaji ashike bomba mbali kidogo na asilielekeze kwenye ukingo wa herufi.